"Paka Hakubali Kulala Chali": Methali, Msamiati na Ufahamu wa Hisia za Paka wa Nyumbani, kwa Kurejelea Ramisi

Ikisiri

Methali za Kiswahili humtaja paka mara kwa mara, lakini ni nadra methali hizo kuchunguzwa kama ushahidi wa namna wasemaji walivyomtazama mnyama mwenyewe. Makala haya yanachunguza methali nne pamoja na vitenzi vinavyoeleza mienendo ya paka, na kuulinganisha ujuzi huo na matokeo ya utafiti wa kisayansi. Mazingira yanayorejelewa ni Ramisi, katika Kaunti ya Kwale. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kueleza kitendo cha paka kwa usahihi, ila wasemaji huupoteza usahihi huo wanaporuka kutoka kitendo hadi hukumu. Kosa hilo lina gharama kwa paka, na wakati mwingine lina gharama kwa uhai wa binadamu.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba neno halina maana kamili nje ya muktadha wake. Neno "paka" lenyewe ni mfano mzuri. Likiwa nomino, ni jina la mnyama. Likiwa kitenzi, ni kueneza kitu kama rangi au mafuta juu ya kitu kingine. Msikilizaji hatatizwi na uwili huo kwa sababu sentensi nzima humwelekeza. La ajabu ni kwamba msikilizaji huyohuyo, anapomtazama paka mwenyewe uani, huisahau kanuni hii. Huona mkia ukipigwapigwa akasema paka amefurahi, kwa kuwa mbwa akifurahi hutikisa mkia. Humwona paka amelala chali akadhani anataka kukunwa tumbo. Mkono ukiparurwa, paka huitwa mwovu.

Makala haya yanamchukulia paka kama mtoaji wa ishara na binadamu kama msomaji wa ishara hizo. Mwili wa paka hauna sarufi kwa maana kamili ya isimu, lakini una ishara zinazokwenda pamoja na kutegemeana, na anayesoma ishara moja pekee hukosea kama anayefasiri sentensi kwa neno moja. Ili kuufikia ufahamu huo, hakuna haja ya kuanzia katika maabara za ng'ambo. Pa kuanzia ni katika lugha yenyewe, kwani waliotunga methali waliishi na paka na kumtazama kwa makini.

2.0 Ramisi na paka wake

Ramisi iko kando ya barabara kuu ya kutoka Likoni kuelekea Lunga Lunga, kusini mwa Msambweni, karibu na pale mto wenye jina hilohilo unapoelekea kumwaga maji yake katika ghuba ya Funzi. Jina la mahali hapa limefungamana na miwa. Kiwanda cha sukari kilichoanzishwa huko katika miaka ya 1920 kilifungwa mwaka 1988, na miwa ilirejea katika eneo hilo baada ya mradi mpya wa sukari wa Kwale kuanzishwa mwaka 2007. Kuelekea baharini kuna vijiji vya wavuvi, mathalani Bodo. Kidigo na Kiswahili hukutana hapa kila siku, nyumbani, sokoni na madrasani.

Kwa paka, mazingira ya namna hii ni riziki ya aina mbili. Miwa na nafaka huwavuta panya, na bahari huleta samaki. Mchuuzi anayepita na tenga la samaki kwenye baiskeli hahitaji kupiga kengele. Paka humtambua kwa harufu kabla watoto hawajamwona. Ila kuna jambo moja linalochekesha katika kuishi kwa paka karibu na miwa. Mwaka 2005, watafiti wa taasisi ya Monell, mjini Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba jeni mojawapo inayohitajika katika kutambua utamu wa sukari haifanyi kazi katika mwili wa paka. Hivyo, paka anaweza kuzaliwa, kukua na kufa kando ya shamba la miwa asijue kwamba sukari ni tamu. Mtoto anayemtupia paka wake kipande cha muwa kwa upendo, kisha akasikitika kwamba zawadi imekataliwa, amempa mnyama huyo ladha ya kwake yeye.

Mfano huo ni mdogo, lakini unabeba kiini cha makala haya. Kuishi nyumba moja na kiumbe si sawa na kuishi katika hisia zake. Anayetaka kumfahamu paka hana budi kuuliza paka anasikia nini, anaona nini na anatafuta nini, kabla ya kuuliza kama ana adabu.

3.0 Ujuzi uliohifadhiwa katika methali

3.1 "Paka hakubali kulala chali"

Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kwamba mtu hakubali kushindwa kirahisi. Nyuma ya maana hiyo ya kimafumbo kuna tendo halisi. Paka akianguka kutoka juu huku mgongo ukiangalia chini, hujigeuza hewani: kwanza kichwa, kisha sehemu ya mbele ya mwili, halafu sehemu ya nyuma, akatua kwa miguu yake. Mwaka 1894, Mfaransa Étienne-Jules Marey alipiga picha za mfululizo za paka anayeanguka, nazo zikawashangaza wanasayansi wa wakati huo, kwani haikuwa wazi kwao jinsi mwili usioshikilia kitu unavyoweza kujigeuza. Kipaka hazaliwi na uwezo huu ukiwa umekamilika. Hukomaa nao anapofikia takriban majuma sita au saba.

Hata hivyo, paka wa nyumbani hulala chali. Hili si pingamizi dhidi ya methali, bali ni ukumbusho wa muktadha. Paka anayejinyoosha chali kwenye mkeka wa nyumba anayoiamini anaonyesha utulivu, kwa sababu ameliacha wazi tumbo, sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Kuonyesha imani si kutoa ruhusa ya kuguswa tumbo. Tena, paka aliyezidiwa katika ugomvi naye huweza kulala chali, masikio yamebanwa, makucha ya miguu yote minne yametolewa. Huyo hajasalimu amri. Amejiweka tayari kupigana kwa silaha zake zote. Mkao mmoja, hali mbili zinazopingana. Asiyetazama masikio na makucha hawezi kuzitenganisha.

3.2 "Paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya"

Neno "matilaba" lina maana ya lengo au kusudio, na "matilabaye" ni ufupisho wa "matilaba yake". Methali inaweza kusomwa kwamba kila mtu ana shabaha yake ya ndani isiyotulizwa na mbadala. Kibiolojia, methali hii ni sahihi mara mbili.

Kwanza, paka ni mnyama anayelazimika kula nyama. Mwili wake unahitaji taurini, kirutubishi kinachopatikana katika nyama na samaki wala si katika nafaka, na akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake huharibika. Wali mkavu au ugali mtupu hulijaza tumbo la paka bila kumlisha. Pili, hamu ya kuwinda haifuati njaa peke yake. Majaribio ya katika miaka ya 1970 yalionyesha kwamba paka aliye katikati ya kula huweza kukiacha chakula, akamuua panya aliyetokea, kisha akarudi kula. Hivyo, anayemnyima paka chakula ili awe mwindaji hodari hapati anachokitafuta. Paka aliyelishwa bado huwinda. Aliyeshindishwa njaa hudhoofika na kuhamia kwenye jungu la jirani.

3.3 "Paka akiondoka, panya hutawala"

Methali hii hutumiwa kuwasema walio chini wanaojifanyia wapendavyo mkubwa anapokuwa hayupo. Ikisomwa kwa makini, haisemi kwamba paka akiwapo panya huisha. Inasema kwamba akiondoka, panya hutawala, yaani hutoka mafichoni na kutamba. Utafiti uliofanywa Brooklyn, New York, na kuchapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia panya wakubwa wa mjini na paka waliozurura miongoni mwao. Paka waliwaua panya wachache mno. Kilichobadilika ni kwamba, siku ambazo paka walionekana, panya walijificha zaidi. Harufu ya paka nayo huwatia panya hofu hata pale paka mwenyewe asipoonekana. Watungaji wa methali, kwa hiyo, walichagua kitenzi kinachostahili. Kwa mwenye duka la nafaka, somo ni kwamba paka husaidia, lakini hachukui nafasi ya kuziba matundu na kufunika magunia.

3.4 "Paka wa nyumba haingwa"

Kitenzi "inga" kina maana ya kufukuza kwa kelele au ishara, kama wanavyofukuzwa ndege shambani. Paka wa nyumba, basi, hafukuzwi. Ni wa humo. Miongoni mwa Waislamu wa pwani, methali hii inalingana na mafundisho yanayofahamika sana: hadithi ya Mtume inayomweleza paka kuwa si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaowazungukia watu majumbani mwao, na ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Isitoshe, sahaba mashuhuri Abu Hurayra anajulikana kwa lakabu inayohusiana na kipaka.

Sayansi inathibitisha kwamba "paka wa nyumba" si jina la mahali pa kulala tu. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wanatokana na paka mwitu wa Mashariki ya Kati, ambaye jamaa zake wangali wanaishi mwituni Afrika, Kenya ikiwemo. Katika kisiwa cha Kupro, paka aliyezikwa pamoja na binadamu yapata miaka 9,500 iliyopita aligunduliwa, na habari zake zikachapishwa mwaka 2004. Wataalamu wengi wanaamini kwamba paka hakutekwa. Aliwafuata panya waliofuata nafaka za wakulima, na wakulima wakamwacha akae. Ngano inayosimuliwa sehemu nyingi za Afrika, ya paka aliyewafuata wenye nguvu mmoja baada ya mwingine mpaka akaishia jikoni, inakubaliana na maelezo hayo kwa jambo moja muhimu: paka ndiye aliyechagua.

4.0 Kusoma ishara za mwili na sauti

Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyomfaa paka. Paka hunyemelea, huvizia, hurukia, hurarua, huparura, hulamba, hujinyoosha, hujikunyata, hufutua manyoya na hukoroma. Kila kimojawapo hueleza kitendo kinachoonekana au kusikika. Sehemu hii inaeleza hisia zinazoambatana na vitendo hivyo.

4.1 Mkia

Mkia uliosimama wima, ncha yake ikipinda kidogo, ni salamu. Paka huutumia kwa paka mwenzake anayemkubali na kwa binadamu anayemwamini. Mkia unaopigwapigwa chini au huku na huku ni dalili ya kero au msisimko. Mwenye kumpapasa anapouona, aondoe mkono. Mkia uliofutuka mithili ya brashi, pamoja na mgongo uliopinda, ni hofu inayojitahidi kuonekana kubwa. Mkia uliofichwa chini ya mwili wa paka aliyejikunyata ni hofu isiyotaka kuonekana kabisa.

4.2 Masikio na macho

Masikio yakielekea mbele, paka ana utulivu au anadadisi. Yakigeukia pembeni, ana wasiwasi. Yakilala bapa kichwani, anajihami. Masikio hayo husikia sauti nyembamba ambazo binadamu hazisikii, zikiwemo za panya wanaoitana. Ndiyo maana paka huonekana akikodolea ukuta mtupu kwa muda mrefu. Hatazami jini. Anasikiliza.

Mboni za macho hutanuka gizani, lakini hutanuka pia kwa hofu au msisimko hata mwanga ukiwa mwingi. Kumkazia paka macho ni kumtishia. Kinyume chake, kufumba na kufumbua macho polepole ni ishara ya amani. Watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, walionyesha mwaka 2020 kwamba paka hufumba macho polepole zaidi binadamu anapowafanyia hivyo, na kwamba humsogelea zaidi mgeni aliyewafumbia macho kuliko yule aliyebaki na uso usio na ishara. Jambo hili halina gharama. Mwanafunzi yeyote anaweza kulijaribu nyumbani.

4.3 Kujisugua

Paka anapojisugua kwa shavu kwenye mguu wa meza au wa mtu, huacha harufu kutoka kwenye tezi za usoni. Kwa maneno mengine, paka hupaka. Haidaiwi hapa kwamba nomino imetokana na kitenzi. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili moja. Hata hivyo, mwalimu anayetaka mfano usiosahaulika wa homonimu anao hapo mlangoni: paka hupaka harufu yake juu ya vitu na watu anaowahesabu kuwa ni wa kwake. Anayeoga na kubadili nguo kisha akasuguliwa upya hajaombwa chakula kila mara. Huenda amesajiliwa tena.

4.4 Sauti

Mlio wa "nyau" ni mlio wa ajabu kwa kuwa paka wazima huutumia kwa nadra wanapowasiliana wao kwa wao. Vipaka humlilia mama yao, na wanapokua huendelea kuwalilia binadamu, kwani wamegundua kwamba binadamu huitikia sauti kuliko mkia. Kukoroma nako si furaha peke yake. Paka hukoroma akipapaswa, lakini pia huweza kukoroma akiwa na maumivu au akijifungua. Mwaka 2009, Karen McComb na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya paka huchanganya ndani ya mkoromo wao wa kuomba chakula sauti nyembamba inayokaribia kilio, na binadamu huuona mkoromo huo kuwa wa dharura zaidi.

Kutoa pumzi kwa kishindo huku meno yakionekana, tendo ambalo wasemaji wengi huliita kufoka, ni onyo. Onyo ni jambo jema: anayefoka anaomba kuachwa ili asilazimike kuparura. Paka anayeadhibiwa kwa kufoka hufunzwa kuparura bila taarifa.

5.0 Kutoka kitendo hadi hukumu

Vitenzi vilivyotajwa hapo juu ni sahihi. Kasoro huanza pale kitenzi kinapobadilishwa kuwa sifa ya tabia. Mifano mitatu inatosha.

Mfano wa kwanza ni "mwizi". Paka anapochukua samaki jikoni, kitendo ni kuchukua chakula kinachoufaa mwili wake, kilichoachwa wazi, mahali asipokatazwa na chochote anachokielewa. Wizi unahitaji kujua kwamba kitu ni cha mwingine. Akipigwa dakika kumi baadaye, haunganishi kipigo na samaki; hukiunganisha na mtu aliyempiga. Kawa juu ya chungu hufundisha zaidi kuliko fimbo.

Mfano wa pili ni "asiye na shukrani". Hudaiwa kwamba paka haitiki aitwapo, kwa hivyo hampendi mwenyewe. Mtafiti Mjapani Atsuko Saito na wenzake walionyesha, mwaka 2013, kwamba paka huitambua sauti ya mwenye nyumba wake kati ya sauti za wageni, na mwaka 2019 kwamba wanaweza kulitenga jina lao na maneno mengine yenye urefu sawa. Lakini mwitikio wao ulikuwa wa kugeuza sikio au kichwa tu. Paka husikia "ewe" na huitikia kwa sikio. Binadamu anasubiri miguu. Vilevile, utafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulipata kwamba takriban thuluthi mbili ya vipaka waliopimwa walionyesha mshikamano salama na walezi wao: mlezi akirudi baada ya kutoka, walitulia na kuendelea kuchunguza chumba.

Mfano wa tatu ni "jini". Paka mweusi wa usiku, macho yanayong'aa na kilio kinachofanana na cha mtoto mchanga, vyote vimehusishwa na majini katika masimulizi ya pwani. Macho hung'aa kwa sababu nyuma yake kuna utando unaorudisha mwanga. Kilio ni cha jike aliye katika joto au cha madume wanaogombana, akiwemo paka shume aliyeasi nyumba na kuishi mwituni. Imani ya mtu kuhusu ulimwengu wa ghaibu si mada ya makala haya. Kinachosemwa ni kwamba ishara hizi tatu zina maelezo ya kawaida, na kwamba jiwe linalorushwa gizani humpata paka wa jirani.

Hukumu hizi ndizo zinazotangulia vitendo vya kikatili. Paka aliyeitwa mwizi hutiwa guniani na kutupwa ng'ambo ya mto. Aliyeitwa jini hupigwa. Vipaka huondolewa kwa mama yao kabla ya wakati. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama, lakini sheria hufika baada ya tendo. Lugha hufika kabla yake.

6.0 Hofu au kichaa?

Kuna mahali ambapo kusoma vibaya tabia ya paka ni hatari kwa binadamu. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, huwapata paka pia. Mbwa ndio wanaosababisha karibu visa vyote vya binadamu duniani, hadi asilimia 99 kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, na Kenya iliweka mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo kati ya mwaka 2014 na 2030. Lakini jina lenyewe linaweza kumpumbaza mzazi akadhani kwamba aliyeng'atwa na paka yuko salama. Huu ni mfano wa istilahi inayoficha sehemu ya maana yake, na wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kuuona.

Tofauti ya msingi ni hii. Paka mwenye hofu ana sababu inayoweza kutajwa: amebanwa pembeni, amekanyagwa mkia, ana vipaka, au mtoto amemshika kwa nguvu. Akipewa njia, hukimbia. Paka aliyeugua kichaa hubadilika ghafla bila sababu ya nje: mpole akawa mkali na kushambulia kinachopita, au wa mwituni akawa mzoevu kupita kiasi. Huweza kutokwa na mate, kushindwa kumeza, kubadilika sauti na kuyumba. Dalili zikishaanza, mnyama hufa katika siku chache.

Pamoja na hayo, ufahamu wa dalili hauchukui nafasi ya tiba. Aliyeng'atwa au kuparurwa na paka asiyejulikana, au na paka yeyote aliyebadilika tabia, anapaswa kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini bila kungoja dalili, kwani dalili za kichaa zikianza kwa binadamu, ni karibu muhali kupona. Jeraha lisipakwe majivu, pilipili wala mafuta. Paka mwenyewe, ikiwa anaweza kuzuiliwa kwa usalama, aangaliwe kwa siku kumi, na ofisi ya mifugo ijulishwe. Kumuua papo hapo na kumzika ni kuuzika ushahidi ambao daktari angeuhitaji.

Aidha, paka mgonjwa wa maradhi mengine kwa kawaida hujificha, huacha kujilamba, hukataa chakula. Huyu huitwa "mvivu" au "amenuna". Katika lugha ya mwili wake, ukimya huo ni kilio.

7.0 Nafasi ya mada hii katika kufunza Kiswahili

Mada hii inaweza kugeuzwa kuwa zoezi la darasani kwa hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, mwanafunzi amtazame paka mmoja kwa robo saa na kuandika vitenzi tu, bila kivumishi chochote cha tabia: "amesimama; amegeuza sikio la kushoto; amejilamba bega". Katika hatua ya pili, aandike muktadha: nani alikuwapo, sauti gani ilisikika, chakula kilikuwa wapi. Katika hatua ya tatu, apendekeze hisia, akitaja angalau ishara mbili zinazoiunga mkono. Asiyeweza kutaja ishara mbili aandike "haijulikani".

Zoezi hili lina manufaa ya kiisimu. Humzoeza mwanafunzi kutenga maelezo na tathmini, jambo analolihitaji katika uhakiki wa fasihi, katika uandishi wa habari na hata mahakamani. Hali kadhalika, hufungua mlango wa ukusanyaji wa msamiati. Katika ukanda wa Kwale kuna Kidigo, na kuna lahaja za Kivumba na Kichifundi upande wa Vanga, Wasini na Shimoni. Namna wazungumzaji wa lugha na lahaja hizi wanavyotaja kukoroma, kufoka, kunyemelea na kujikunyata ni mada inayostahili tasnifu, na wazee wanaoweza kuifundisha wako majumbani, mara nyingi paka akiwa amelala kando ya kiti chao.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba methali nne za Kiswahili kuhusu paka zimehifadhi ujuzi unaokubaliana na sayansi: jinsi mwili wake unavyojigeuza hewani, mahitaji yake ya nyama, hofu anayoitia kwa panya bila kuwaua, na haki yake ya kukaa katika nyumba aliyoichagua. Yameonyesha pia kwamba vitenzi vya Kiswahili vinatosha kueleza ishara zake, ila majina ya lawama kama "mwizi" na "jini" huziba yale ambayo vitenzi vimeyafichua.

Mtoto wa Ramisi anayejua kwamba mkia unaopigwapigwa maana yake ni "niache" hataparurwa. Mzazi anayejua kwamba paka aliyebadilika ghafla si "mkorofi" bali huenda ni mgonjwa atamfikisha mwanawe hospitalini mapema. Ujuzi huo hauhitaji lugha nyingine. Unahitaji Kiswahili kilekile, kitumiwe kwa utaratibu wa zamani: kutazama kwanza, kutaja kilichoonekana, kisha ndipo kuhukumu.